Aliyetoka na Wale Aliowaacha Ndani

Mwezi huu twataka kulijibu swali moja tuliloletewa. Si swali jepesi, nasi hatukulijibu siku ile tulipolisikia. Tulikaa nalo, tukalipima, tukauliza habari za mahali pengine palipotokea mambo kama hayo, na sasa twawaleteeni shauri letu.

Baada ya mavuno ya mbaazi, kijana mmoja alifika nyumbani kwa mwalimu wa hapa Qurus wakati wa magharibi, ukungu wa Ngorongoro umekwisha kushuka hata mashambani. Alipokwisha kumwamkia mwalimu na kupewa kiti, alikaa kimya kitambo. Ndipo akasema, "Mwalimu, nimekuja kutafuta shauri."

Habari yake ilikuwa hivi. Kwa muda wa miaka minne alikuwa katika kundi moja la dini lenye masharti makali sana. Watu wa kundi lile hawaendi hospitali, wala watoto wao hawapelekwi shule. Mtu aliye nje hawali naye, wala hawamwamkii, hata akiwa ndugu wa tumbo moja. Kijana huyu alishikwa na homa ya mapafu, wenziwe wakamkataza dawa, wakisema kwamba akipona ni kwa imani yake, na akifa ni kwa upungufu wa imani yake. Usiku wa tatu jirani mmoja asiye wa kundi lile alimpakia juu ya pikipiki akampeleka hospitali huko Karatu. Akapona, wala hakurudi tena kwao.

"Lakini dada yangu yumo bado," akasema, "yeye na watoto wake watatu. Dada ndiye aliyenilea tangu tulipofiwa na wazazi. Na mimi, Mwalimu, ndiye niliyemshika mkono nikamwingiza humo. Nikipita nyumbani kwake hufunga mlango. Je, niende nikamtoe? Au ninyamaze, nimwachie Mungu?"

Mwalimu alimpa chai, lakini jibu hakuwa nalo usiku ule. Kundi hilo hatulitaji jina, wala hatutaji mahali lilipo, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Nia yetu ni swali lenyewe: je, aliyetoka katika dini kali imempasa kuwasaidia aliowaacha ndani watoke?

Majirani waliolisikia jambo hili walikuwa na majibu mawili. Wengine walisema kwamba mtu aliyeokoka motoni harudi kuuchukua mkeka. Akae na uzima wake, ashukuru. Wengine, na hasa vijana, walisema wakusanyane watu kumi, wauvunje mlango usiku, wamtoe yule dada kwa nguvu pamoja na watoto. Sisi twaona majibu yote mawili yamekosa, ingawa kila moja lina chembe ya kweli ndani yake.

DINI KALI NI IPI?

Kwanza hatuna budi kuweka wazi maneno. Si kila dini yenye masharti ni kifungo. Wako watu wafungao siku nyingi, waamkao usiku kusali, walioacha pombe na mapambo, na uso wao waonyesha furaha. Watu hao wamejinyima kwa hiari yao, wala hakuna haja ya kuwaokoa na kitu. Tena Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa kuamini atakavyo, na uhuru wa kubadili dini au imani yake. Uhuru huo una pande mbili. Kama vile mtu alivyo huru kutoka, ndivyo alivyo huru kukaa. Basi mtu asiitwe mfungwa kwa sababu tu imani yake haitupendezi.

Kipimo chetu sisi ni mlango. Mwangalie mtu anayetaka kutoka. Je, aweza kuuliza swali asipate adhabu? Je, akitoka, mama yake ataruhusiwa kumwamkia njiani? Je, watoto wapata chakula, dawa na shule, ingawa wao hawakuchagua lolote? Pahali ambapo majibu ya maswali haya ni la, mlango waingiza lakini hautoi. Hapo ndipo tusemapo dini imekuwa kifungo, hata kama nyimbo zake ni nzuri na watu wake ni wapole.

Wazee wetu wa Kiiraqw wajua maana ya kutengwa. Zamani nyumba iliyopatwa na msiba wa namna fulani iliwekwa katika metimani. Waliomo hawakuingia nyumba za majirani wala kushirikiana nao, kwa hofu ya kueneza unajisi. Yalikuwa mambo mazito, na wengi waliteseka. Hata hivyo metimani ilikuwa na mwisho wake, siku zikatimia, mtu akarudi kwa wenziwe. Lakini kutengwa huku tunakosema sasa hakuna siku ya mwisho. Dada aambiwa amhesabu ndugu yake kuwa amekufa, naye ndugu apita njiani yu hai, amebeba jembe.

HABARI ZA SHAKAHOLA

Sasa twawaomba mtufuate kidogo nje ya nchi yetu, hata pwani ya Kenya, maana huko lilitokea jambo lililowafundisha watu wa Afrika ya Mashariki kwa machozi.

Katika mji wa Malindi alikuwapo mhubiri jina lake Paul Nthenge Mackenzie, aliyekuwa kwanza dereva wa teksi. Mwaka 2003 alianzisha kanisa lake. Kadiri miaka ilivyopita mafundisho yalizidi kuwa makali: shule ni mbaya, hospitali ni mbaya, hati za serikali ni za shetani. Mwaka 2019 kanisa la Malindi lilifungwa, na wafuasi wengi wakahamia msitu wa Shakahola, wakakaa katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia. Mwezi wa Aprili 2023 polisi waliingia msituni wakawakuta watu waliodhoofika kwa njaa, na makaburi. Walifukua miili zaidi ya 400. Wapasuaji waliona kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi yao, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mwaka 2024 Mackenzie na wenziwe walishtakiwa kwa ugaidi, kwa kuua bila kukusudia, na kwa mauaji ya watoto 191. Mackenzie aliyakana mashtaka hayo. Hukumu ni kazi ya mahakama. Sisi twatafuta mafunzo, na mafunzo ni matatu.

La kwanza ni hili. Kati ya watu waliosaidia habari hizi kujulikana alikuwamo mtu aliyewahi kuhubiri pamoja na Mackenzie, kisha akatoka alipoona mafundisho yamegeuka. Mtu huyo alisema na polisi na waandishi wa habari, akaeleza kwamba katika mpango wa kufunga mpaka kufa watoto ndio waliotangulizwa. Nani mwingine angeweza kuyaeleza hayo? Jirani aliye nje husikia nyimbo tu. Aliyekaa ndani ajua maneno yao, ajua hofu yao, ajua saa gani mtu huanza kuwa na shaka na hutishwa kwa neno gani. Njia ya msituni aijua aliyeipita. Kwa hiyo wale wanaosema aliyetoka anyamaze, wanalifukia taa chini ya pishi, na watu wanaanguka shimoni.

La pili ni gumu zaidi. Baada ya kuokolewa, baadhi ya watu wa Shakahola waliendelea kukataa chakula. Mwezi wa Juni 2023 watu 65 kati yao walipelekwa mahakamani Shanzu, Mombasa, wakishtakiwa kwamba wamejaribu kujiua, kwa kuwa hawakutaka kula hata mahali walipohifadhiwa. Hebu fikirini jambo hilo. Msitu umekwisha, mhubiri yu kizuizini, uji u mezani, na bado mtu hafungui kinywa. Mwili waweza kubebwa katika gari mpaka mjini. Moyo haubebwi hivyo. Kwa hiyo wale wanaotaka kuvunja mlango usiku, na wafikiri: wataka kumtoa dada, au kuitoa maiti ya moyo wake?

La tatu ni juu ya wasikiao. Mwezi wa Machi 2023, majuma machache kabla ya makaburi kufunuliwa, Mackenzie alikuwa amekamatwa kwa habari ya vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Mwaka mmoja baadaye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilieleza kwamba maofisa wa usalama wa Malindi walizembea, ingawa walikuwa wamepata habari. Haitoshi basi aliyetoka aseme. Yafaa pawepo na masikio. Mara ngapi mtu wa namna hii huja kwetu, nasi twamcheka, "Wewe si ulikuwa mmoja wao?" Neno hilo limefunga vinywa vingi.

MLANGO UVUNJWAO

Na tuone pia mambo ya mbali, tusije tukadhani kwamba mashaka haya ni ya Waafrika tu.

Huko Marekani alikuwapo mhubiri Jim Jones, aliyewahamisha wafuasi wake hata nchi ya Guyana, Amerika ya Kusini, wakajenga makazi yaliyoitwa Jonestown. Waliotoka katika kundi lake walijiunga na jamaa za waliobaki, wakaunda chama cha kuwatafuta ndugu zao. Mwezi wa Juni 1978 mwanamke mmoja, Deborah Layton, aliyekuwa ametoroka Jonestown majuma machache tu kabla, aliandika kwa kiapo kwamba watu hufanyizwa mazoezi ya kufa wote pamoja. Wengi hawakumsadiki. Mwezi wa Novemba mbunge Leo Ryan alisafiri kwenda huko, akiwa na waandishi wa habari na baadhi ya jamaa. Watu wachache walithubutu kusema kwamba wataka kuondoka naye. Tarehe 18 Novemba 1978 Ryan na wengine wanne waliuawa kwa risasi katika kiwanja cha ndege, na jioni ile watu 909 wakafa Jonestown, wengi wao kwa sumu. Karibu theluthi moja walikuwa watoto.

Twajifunza nini? Kwamba Deborah Layton alisema kweli, na waliotoka hawakukosa kupiga kelele. Lakini twajifunza tena kwamba Jones aliutumia ujio wao kuwatia watu hofu. Kwa miezi mingi aliwaambia kwamba adui yu karibu, kwamba waliotoka wanakuja kuwanyang'anya watoto. Baba na mama mmoja waliokuwa wametoka walimdai mtoto wao mahakamani. Jones akaifanya daawa hiyo kuwa sababu ya kuwaweka watu wote macho siku sita, kana kwamba vita imewajia. Mtoto yule alikufa pamoja na wengine, naye alikuwa na umri wa miaka sita. Hatusemi wazazi wake walikosa kumdai. Nani asiyemdai mwanawe? Twasema kwamba kiongozi wa kundi la namna hii hulishwa na vitisho vya nje kama moto unavyolishwa na kuni, na mwenye kusaidia lazima alijue hilo kabla ya kuinua mkono.

Katika miaka ile ile ya 1970 wako watu Marekani waliofanya kazi ya kuwakamata vijana waliojiunga na makundi kama hayo, wakawafungia chumbani siku nyingi, wakiwasemesha mpaka wakane imani yao. Wengine walikana kweli, wakashukuru. Wengine walirudi kundini wakiwa na chuki zaidi. Mwaka 1991 kijana mmoja alikamatwa hivyo, naye akawashtaki waliomkamata. Mwaka 1995 mahakama ikampa haki, na chama kilichohusika kikafilisika. Ikawa wale waliotaka kumwondoa mtu katika kifungo ndio walioonekana mbele ya sheria kuwa wafungaji. Haki haikusaidiwa, na waliomo ndani walipata sababu moja zaidi ya kuufunga mlango.

JINSI YA KUSAIDIA

Basi jibu letu ni hili: ndiyo, aliyetoka na awasaidie aliowaacha, lakini awe kama mtu anayeshika taa mlangoni, asiwe kama mwindaji. Wala hatusemi ni sharti kwa kila mtu. Wako waliotoka wakiwa wameumizwa mno, na wako wanaotishwa maisha yao. Hao wasilazimishwe na mtu. Lakini mwenye nguvu na afuate mashauri haya.

Kwanza, ajitibu mwenyewe. Aliyetoka jana asirudi leo. Waswahili husema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyetoka karibuni huwa na hasira, na aibu, na usiku huota ndoto za hukumu. Akienda kwa mwenzake na hasira hiyo, mwenzake huiona hasira, asione upendo. Na awe na mtu wa kukaa naye, mwalimu au mzee au mama mwenye busara, ambaye aweza kumwambia yote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Pili, aseme aliyoyaona tu. Asiongeze chumvi. Wakuu wa makundi haya husema daima kwamba waliotoka ni waongo. Akisema maneno kumi ya kweli na moja la uongo, watalishika lile moja, na yale kumi yatakuwa bure.

Tatu, asishindane juu ya mafundisho. Waliomo ndani wamefundishwa majibu ya mashindano hayo, wayajua kwa moyo. Steven Hassan wa Marekani alikuwa katika kundi la namna hii tangu mwaka 1974 hata 1976. Jamaa zake walimtoa baada ya ajali ya gari, kwa kumkalisha na watu waliokwisha kutoka. Baadaye alitumia maisha yake kuwasaidia wengine, lakini akaiacha njia ya nguvu, akafuata ya maswali na mazungumzo na urafiki wa jamaa. Nasi twaona njia hiyo yapatana na desturi zetu. Mtu aseme na dada yake habari za mama yao, habari za ng'ombe waliyemchunga pamoja, habari za shamba. Maneno hayo kundi halikumfundisha majibu yake. Ndani ya mtu yule wa kundi yuko bado mtoto aliyekuwapo kabla ya kundi, naye akiitwa kwa jina lake la zamani, husikia.

Nne, aandae pahali pa kutua. Jambo hili husahauliwa sana. Huko Kanungu, Uganda, wafuasi wa kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali zao wakingoja mwisho wa dunia. Siku iliyotabiriwa, yaani mwisho wa mwaka 1999, ikapita. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada, na miili mingine ikafukuliwa mahali pengi baadaye. Mtu aliyeuza shamba, ng'ombe na kitanda, akitaka kutoka ataenda wapi? Atalala wapi usiku wa kwanza? Shaka yaweza kuwa imemjaa moyoni, lakini tumbo na watoto wamfunga. Kwa hiyo chumba, gunia la mahindi, na sare za shule zaweza kufungua mlango ambao hotuba mia haziufungui.

Tano, na hapa hatutaki kuyapunguza maneno: watoto hawangojwi. Mtu mzima aweza kuchagua kukaa, nasi twaweza kumngoja miaka. Mtoto mwenye njaa, au mgonjwa aliyenyimwa dawa, hana miaka ya kungojwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu yampa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa akijua kwamba mtoto hapewi haki zake. Basi aende kwa mtendaji wa kijiji, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii, au apige simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto. Asiende na vijana kumi usiku. Aende mchana, kwa watu wenye mamlaka, na aende mapema. Wakimpuuza, arudi tena, na mwalimu aende pamoja naye. Na asijidanganye kwamba dada yake atamshukuru. Pengine atamchukia kwa muda. Gharama hiyo ailipe, kwa kuwa uhai wa mtoto wapita amani ya wakubwa wawili.

NA SISI JE?

Kabla ya kumaliza, na tujitazame. Twawasema wengine kwamba hufunga mlango. Je, mlango wetu ukoje? Kijana wa nyumba ya Kikristo akiacha kuja ibadani, baba yake humfanyaje? Binti akiolewa na mtu wa dini nyingine, je, mama yake hulala kwake akijifungua, au hukaa nyumbani akisema amekwisha mzika? Twawajua wazee waliobatizwa ujanani, wakakatazwa kuketi msibani na ndugu zao wasiobatizwa, nao wamelichukua jeraha hilo hata uzee. Habari ya mwana aliyeondoka na urithi wake yatufundisha juu ya baba aliyetazama njia. Hatusomi humo kwamba alituma watumishi wamfunge kamba, wala hatusomi kwamba alipomwona alimgeuzia kisogo.

Tena walimu na wapate onyo hili. Mtu akitoka katika kundi kali, makanisa mengi humkimbilia kila moja likitaka kumwandika katika daftari lake. Humsimamisha mbele ya watu aseme ushuhuda wake juma la kwanza, na la pili, na la tatu. Hiyo si huruma. Ni kumhamisha mtu kutoka mkono mmoja hata mwingine, naye hajapumua bado. Mpeni chakula. Mpeni kazi. Mwacheni anyamaze. Akitaka kusali pamoja nanyi atakuja, na akitaka kukaa bila kusali kwa muda, mwamkieni vile vile kisimani na mnadani. Atakapoona kwamba salamu yenu haina bei, ndipo atakapojua kuwa ametoka kweli.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mwalimu alipompelekea shauri hili, aliuliza neno moja tu: "Nianze na lipi?" Mwalimu akamjibu, "Anza na lile ambalo ni lako mwenyewe kulisema." Akaelewa. Siku ya pili alikwenda nyumbani kwa dada yake, mlango ukafungwa kama kawaida. Hakubisha. Alisimama uani akasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, shikamoo. Mimi ndiye niliyekuleta hapa. Nilikosa. Naomba unisamehe." Akaweka mfuko wa unga juu ya jiwe, akaenda zake. Kesho yake mfuko ulikuwa pale pale, umelowa umande. Juma la pili ulikuwa pale pale. Juma la tatu haukuwapo.

Habari za watoto alizipeleka kwa mtendaji, akifuatana na mwalimu. Ilichukua safari nne. Leo wawili kati ya watoto wale wako darasani, na mdogo amepata chanjo. Dada alikasirika sana. Alituma neno kwamba ndugu yake ni msaliti, na mlango u bado umefungwa. Kijana amelipokea neno hilo kimya, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba litakuja. Lakini kila Jumamosi huweka unga juu ya jiwe, na kila Jumapili jiwe ni tupu.

Hatujui mlango ule utafunguliwa lini. Twajua kwamba siku utakapofunguliwa, chumba kiko tayari, na kitanda, na mtu wa kuitikia salamu. Wasomaji wapendwa, katika vijiji vyenu wamo watu waliotoka na watu waliobaki. Wa kwanza msiwacheke, na wa pili msiwasahau. Na watoto wao waangalieni kwa macho yenu wenyewe, kama wamekula.

Amani iwe katika nyumba zenu.